Dawa Iliyogawanywa Kama Nyama ya Mbuzi

Habari hii nimewahi kuieleza kwa watu wengi, na kila mara nakwama palepale, kwenye seli. Nikisema mdogo wangu alikuwa anaanguka kifafa, watu wananisikiliza vizuri. Nikisema chanzo chake ni mnyoo, wanasogea karibu zaidi. Nikifika kwenye seli zinazoitana na kunyamazishana, mmoja ananyoosha mkono kuchukua kikombe, mwingine anauliza kama ng'ombe ameshakamuliwa. Siwalaumu. Mimi nimeishia darasa la saba, na mambo haya niliyasikia kwa daktari mmoja tu, kwenye benchi, huku wagonjwa wengine wakimsubiri. Inawezekana niliyashika vibaya. Lakini mimi ndiye niliyetumwa kuyasikiliza, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyasikia.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku kwetu na mizani zao. Majirani wengine waliing'oa mibuni wakapanda nyanya. Mama hakukubali kung'oa mti uliopandwa na marehemu baba. Badala yake tulijenga banda la nguruwe nyuma ya migomba, maana mjini Moshi na pale Himo baa zilikuwa zinafunguliwa kila upande, na kila baa ilitaka kitimoto. Aliyelijenga ni mdogo wangu. Kazi yake hasa ilikuwa upagazi, kubeba mizigo ya wageni mlimani, na wakati wa masika wageni wanapopungua alikuwa anarudi nyumbani kutafuta la kufanya. Hawezi kukaa bure. Hata leo hawezi, na hilo ni sehemu ya shida.

Mara ya kwanza alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye moto. Kulikuwa na majirani wawili wamekuja kuomba majani ya ng'ombe, wakarudi nyuma mpaka ukutani, kwa sababu watu huamini kwamba ukimgusa mtu akiwa katika hali ile na wewe unaupata. Sisemi walikuwa wabaya. Mama ndiye aliyemvuta, na mimi nikafika nikakuta ameshavutwa. Kovu lile analo mpaka sasa, limepanda hadi karibu na kiwiko.

Alipoanguka tena, safari hii mbele ya wenzake wakati wanafunga mizigo, kiongozi wao alimwita pembeni akamwambia, "Bwana mdogo, kule juu kuna mahali mtu akiteleza hatumwoni tena. Nenda ukatibiwe. Ukikaa msimu mzima hujaanguka, njoo, nafasi yako ipo."

Mdogo wangu alirudi na maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi. Msimu mmoja bila kuanguka. Kuanzia siku ile kila kitu nyumbani kilipimwa kwa hilo.

Baba mdogo, ambaye nyumba yake iko chini kidogo katika kihamba hichohicho, shamba letu la ukoo, alikuwa na maelezo yake tayari. Alikuwa amehamia kwa Wasabato, hali nguruwe, na banda letu lilimkera tangu tulipochimbia nguzo ya kwanza.

"Nilisema," alimwambia mama. "Mnyama yule anakula uchafu, na ninyi mnamla yeye."

"Ulisema harufu," mama alijibu. "Ya kifafa hukusema."

"Harufu ndiyo inayotangulia, shemeji."

Tulikwenda hospitali, mimi na mdogo wangu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, si mtu wa huku, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu. Alimpapasa mikono, mgongo na kifua, polepole, kama mtu anayetafuta mbegu ndani ya gunia. Mkono ukasimama chini ya titi la kushoto.

"Hiki kinundu umekuwa nacho tangu lini?"

"Hicho ni cha mizigo, daktari. Wapagazi wote wanavyo."

"Wanabebea kifuani?"

Mdogo wangu akafikiri. "Mimi nabeba vibaya," akasema.

Vinundu vilikuwepo vingine, begani na mapajani. Alipigwa picha ya paja, na daktari akatuonyesha kwenye mwanga vidoa vyeupe vidogo, kama punje za mchele zilizomwagika. Akasema kila punje ni mtoto wa mnyoo wa nguruwe aliyekufa zamani ndani ya nyama, na vile vinundu laini huenda ni vya walio hai. Kichwani hakuweza kutuonyesha. Mashine ya kuona ndani ya kichwa kwetu haikuwepo wakati ule. Alisema waziwazi, "Nadhani wapo na huko, ndiyo maana anaanguka. Naweza kukosea." Nilimpenda kwa neno hilo la mwisho, na pia liliniudhi, kwa sababu nilijua nyumbani nitaulizwa, "Kasemaje?" na mimi sitakuwa na jibu zima.

Nikamuuliza kama ni ile nyama aliyokula. Akasema hapana, si hivyo moja kwa moja. Nyama isiyoiva vizuri inampa mtu mnyoo mrefu tumboni, na mtu huyo anaweza asijue kitu. Ila kila anapokwenda haja anatoa mayai. Mayai yakifika kwenye mikono, kwenye mboga, kwenye maji, anayeyameza ndiye anayepata watoto wa mnyoo ndani ya nyama na kichwani. "Hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuyameza," alisema. "Nyumbani kwenu pengine kuna mtu mwenye mnyoo huyo mrefu. Mniletee choo cha kila mmoja tupime."

Hapo ndipo nilipouliza lile lililokuwa linanisumbua. Kama wadudu hawa wamekaa mwilini mwake miaka yote, mwili ulikuwa wapi? Mwiba mdogo tu ukikuingia kidoleni, kesho kidole kimevimba.

Daktari aliangalia watu waliokuwa wanasubiri, kisha akanisogezea benchi. Akasema mwili una askari wengi sana wadogo, wanaitwa seli, na hakuna anayefanya kazi peke yake. Hawana mdomo. Mmoja akigundua jambo anatema kitu kidogo, mwenzake akikionja anajua la kufanya, naye anatema cha kwake. Mnyoo akifika tumboni, ukuta wa utumbo ndio unaotoa taarifa ya kwanza. Taarifa ikipokelewa, wengine wanaagiza ute uwe mwingi, utumbo usukume, na wanaitwa askari fulani ambao ni wa minyoo hasa, hata ukipimwa damu wanaonekana wameongezeka. Lakini wapo pia wa aina nyingine, na kazi yao ni kutuliza. Wanawaambia wenzao, inatosha, msipige zaidi, mtabomoa nyumba yenu wenyewe.

"Hao ni wasaliti?" niliuliza.

"Hapana. Bila hao ungekuwa umevimba mwili mzima kwa kila kitu unachokula. Mnyoo ndiye mjanja. Anatoa vitu vyake vinavyowafanya hao watulizaji wazidi, na sauti ya kutuliza inazidi sauti ya kuita. Kwa hiyo anakaa. Tatizo linakuja akifa."

"Akifa si ndiyo vizuri?"

"Akifa, hakuna tena wa kuwanyamazisha. Wote wanakuja kwa pamoja. Mkononi pangevimba tu. Kichwani hakuna nafasi ya kuvimba."

Ndiyo maana, alisema, dawa ni mbili na zinakwenda pamoja. Moja inaua mnyoo. Nyingine inawatuliza askari wakati mnyoo anakufa. Ya kifafa ni ya tatu, nayo haiachwi. Alimlaza siku za mwanzo ili amwangalie, na hali ilipokuwa nzuri, na vitanda vimejaa, akamruhusu aje amalizie nyumbani. Mimi nilirudia maelekezo yote mbele yake mpaka akasema sawa.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiria namna ya kumweleza mama. Mama Kiswahili anakisikia lakini mambo mazito anayataka kwa Kichagga, na mimi nilikuwa na neno seli mdomoni kama jiwe. Ndipo nikakumbuka mfongo. Mfereji wetu unatoka juu msituni unapita kihamba kwa kihamba, na ukibomoka, aliyeona wa kwanza hashiki jembe. Anaita. Wa kihamba cha pili anasikia anamwita wa tatu, mpaka mlima mzima umeamka, na mzee wa mfongo anakuja kusema waanzie wapi na wakomee wapi. Nikamwambia mama, mwili ndivyo ulivyo. Mnyoo ni mwizi wa maji aliyejifunza sauti ya mzee wa mfongo. Watu wakifika na majembe anasema kwa sauti ileile, rudini, pameshatengenezwa. Wanarudi. Akifa, sauti inakatika, watu wote wanashuka kwa hasira na majembe, na wanachimba mpaka msingi wa nyumba.

Mama alielewa. Nilimwona akielewa. Akauliza hata swali, kama mzee wa kweli wa mfongo yupo au ameuawa, nami nikasema yupo ila ameonewa. Baba mdogo naye alikuwepo, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nikawaeleza na lile la choo, kwamba mmoja wetu pengine ana mnyoo mrefu, na kwamba hata asiyekula nguruwe hayuko salama.

Baba mdogo akakohoa. "Hata asiyekula?"

"Ndivyo alivyosema daktari."

"Daktari huyo ni dhehebu gani?"

"Sikumuuliza, baba."

Kesho yake nilishuka Himo kuuza ndizi. Niliporudi jioni nilimkuta mama ana uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri. Sikuona kitu mpaka nilipokwenda kumpa mdogo wangu dawa, nikakuta pakiti ya kwanza ni nyepesi na ya pili ni tupu.

Kwetu mbuzi akichinjwa hakuna anayekula peke yake, hata mgonjwa aliyechinjiwa. Kila mtu ana kipande chake kinachojulikana kwa jina, mkataji anakata, na kosa la kumruka mtu linakumbukwa mpaka mazishini. Katika ukoo wetu mkataji ni baba mdogo. Mama alikuwa amemwita. Nilikuwa nimesema mmoja wetu ana mnyoo, na hatujui ni nani, na dawa ipo ndani ya nyumba. Wangefanyaje, wampe mmoja wengine watazame? Baba mdogo alinawa mikono, akamwaga vidonge kwenye sinia, akavigawa kwa heshima. Alianza na mama, kisha yeye mwenyewe, kisha mgonjwa, kisha fungu langu likawekwa kando kwenye kipande cha jani la mgomba, kisha wanangu. Zile za kutuliza nazo akazigawa, kwa sababu nilisema dawa ni mbili na zinakwenda pamoja.

Nilikaa chini. Mama akanisukumia lile jani.

"Fungu lako hilo. Tumekuwekea."

"Mama, zilikuwa zake."

"Na yeye kapata. Kapata zaidi ya watoto."

"Mimi nimekunywa," baba mdogo alisema kutoka mlangoni, kama mtu anayetoa ushuhuda. "Chungu."

Wangekuwa wamefanya hivyo kwa uchoyo ningepiga kelele. Walifanya kwa haki, na haki ile ilitokana na maneno yangu. Nilichoweza ni kumpa mdogo wangu fungu langu. Asubuhi nikapanga kushuka hospitali, lakini mvua iliharibu barabara, gari halikupanda, na siku iliyofuata ilikuwa vilevile. Kichwa kilianza kumuuma. Akasema mwanga unamchoma. Kisha akaanguka mara mbili mfululizo uani, mchana, mbele ya banda la nguruwe, na mara hii hakuzinduka haraka.

Tulimteremsha kwa machela ya miti, majirani wakipokezana kubeba. Mmoja wao alikuwa ni yule aliyerudi nyuma ukutani siku ya jikoni. Nataka hilo liandikwe.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alipomaliza kumhudumia alinirudia, na niliona amekasirika kwa namna ya mtu aliyechoka.

"Mmegawana?"

"Ndiyo, daktari."

"Na ya kutuliza?"

"Na yenyewe."

"Kwa hiyo minyoo wameanza kufa, na wa kutuliza hayupo." Akavua glovu. "Na choo cha kupima mmeleta?"

Nilikuwa nimeleta, kila mmoja kwenye kasha lake la kiberiti. Akayaangalia, akatikisa kichwa.

"Sasa nitampataje mwenye mnyoo, na wote mmeshakunywa dawa? Hata nisipoona kitu sitajua ni kwa sababu hayupo au ni kwa sababu ametoka jana."

Akayapeleka maabara hata hivyo. Hayakuonyesha kitu. Mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyekuwa na mnyoo yule. Anaweza kuwa mama, ambaye ndiye mpishi. Anaweza kuwa mimi, maana mboga nachuma mimi. Nikimtazama baba mdogo nafikiri hapana, halafu nakumbuka kwamba alikula nguruwe miaka mingi kabla ya kuhama. Nimejaribu kuwa wa haki katika jambo hili, na haki imenifikisha mahali ambapo namshuku kila mtu sawasawa, nami nikiwemo.

Mdogo wangu alilazwa tena, na safari hii daktari alikataa kumruhusu mpaka dawa ziishe mbele ya macho yake. Mama na baba mdogo walipokuja kumwona, nilianza upya. Seli, mfongo, sauti ya mzee, majembe. Nilieleza kwa nini dawa ya kutuliza ni ya aliye na minyoo kichwani tu, na kwa nini ikikatika ghafla ni hatari. Baba mdogo alikuwa anatazama dirishani. Mwishoni nikachoka, nikasema, "Ni kama lile fungu la mama mwenye nyumba, mbuzi akichinjwa. Hata watoto walie, halimegwi."

Baba mdogo akageuka. "Kumbe ni fungu lisilomegwa?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimesema tangu mwezi uliopita, baba."

"Ulisema mfongo. Mfongo ni wa wote."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, akimkubali. Na kwa kweli nilipofikiri niliona yuko sahihi. Maji ya mfongo yanagawanywa kwa zamu, kila kihamba kinapata. Nilikuwa nimewapa mfano mzuri wa ugonjwa na mfano mbaya wa dawa, na hakuna daktari aliyenituma nitoe mifano.

Tangu alipotoka hospitali, dawa ya kifafa mama humpa yeye mwenyewe, kila jioni, kabla hajampakulia mtu mwingine yeyote. Anaiweka kwenye kisahani peke yake. Mtoto akisogeza mkono anaambiwa, "Hilo si lako." Haikuhitaji seli hata moja.

Vinundu vilipotea. Msimu ukapita bila kuanguka, na mdogo wangu akaanza kuamka mapema, kupaka viatu mafuta, kubeba magunia ya pumba kutoka barabarani ambayo hakuna aliyemwagiza. Ulipokaribia msimu mwingine, akaanguka. Kidogo tu, amekaa, mkono ukatetemeka na macho yakaenda pembeni, kisha akarudi. Mimi na mama ndio tulioona. Nilirudi kwa daktari, naye akasema alikuwa anaihofia hiyo. Mnyoo amekufa, askari wamemaliza kazi, lakini pale walipopigana pamebaki kovu, na kovu la kichwani linaweza kuendelea kushtuka miaka mingi. Dawa ataendelea nayo.

"Na mlima?" niliuliza.

"Wewe ungempandisha?"

Nikapokea dawa nikarudi nyumbani.

Mdogo wangu alitaka kwenda kwa kiongozi hata hivyo, na alitaka niende naye, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kueleza. Hivyo ndivyo alivyosema. Tulimkuta nyumbani kwake anakunywa chai. Alitukaribisha vizuri, mkewe akatuletea vikombe.

"Mnyoo amekufa?" aliuliza.

"Amekufa," mdogo wangu akasema. Alikuwa amekaa wima kama yuko mbele ya mkuu wa shule.

"Na huanguki tena?"

Angeweza kudanganya. Tulikuwa watu watatu tu tunaojua, pamoja na daktari. Akanitazama. "Mara moja," akasema. "Kidogo. Dada atakueleza."

Nikaeleza. Nilianza na ukuta wa utumbo na zile taarifa, nikaja kwenye mfongo, majembe, msingi wa nyumba, kovu. Nilijitahidi nisiongeze wala nisipunguze, na nikasema kabisa kwamba hata daktari haahidi. Kiongozi alinisikiliza na macho yake yalikuwa ya upole. Katikati ya seli akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Dada," alisema nilipomaliza, "sijaelewa vizuri, nisikudanganye. Lakini mtu anayeanguka hata kidogo, mimi sipandi naye. Kule si mimi peke yangu. Kuna wenzake wanaomshikia kamba, na wageni."

Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nilitaka kumchukia, nikakosa sababu.

Tulipanda kurudi nyumbani, mdogo wangu mbele, mimi nyuma. Tulipofika mahali ambapo mfongo unakata njia, akasimama akanawa uso.

"Ungemwambia ile ya mwizi," alisema.

"Nimemwambia mfongo."

"Mfongo ndiyo. Ya mwizi anayeiga sauti ya mzee, hukusema. Pale ndipo mama alipoelewa."

Nikarudi nyuma kichwani, kutoka chai mpaka kovu, nikitafuta. Alikuwa anasema kweli. Niliiruka.

"Nilisahau," nikasema.

Akajifuta uso na shati, akatangulia. Mimi nikamfuata huku nayapanga maneno upya, ukuta wa utumbo, wanaoita, wanaotuliza, mwizi na sauti yake, kila kimoja mahali pake, kama vile yule mtu bado amekaa pale na kikombe chake ananisubiri nimalize.